Mmea wa Bia Mlangoni kwa Mama

Mama yangu alikufa bila kuonja bia hata tone, lakini miaka yake mitatu ya mwisho aliishi na mmea wa bia mlangoni. Aliumwagilia baada ya sala ya alfajiri, kabla hajanywa chai. Waliopita mtaani kwetu Buyenzi waliuona ukipanda kamba mpaka kwenye mabati, wakadhani ni mzabibu au maboga ya aina mpya, naye hakuwasahihisha. Mimi nilijua ni nini, na nilikuwa siupendi. Naandika haya kwa sababu nimezeeka na harufu yake bado inanijia, hasa mvua za kwanza zikipiga vumbi, na sina tena mtu wa kumwuliza kama naye ameisikia.

Jirani yetu aliuita hublo, kwa jina alilolipata kwa mabwana zake wa Kibelgiji. Ndio unaoipa bia ya chupa uchungu wake. Kiwanda alichofanyia kazi kililetewa maua yake makavu kutoka Ulaya, yameshindiliwa ndani ya magunia, na kazi yake ilikuwa kuyapima na kuyamwaga kwenye masufuria makubwa yanayochemka. Alikuwa mtu wa mlimani, Mkristo, mwembamba, mwenye salamu ndefu. Alipanga nyumba iliyopakana na yetu, ua wa matete ukiwa katikati, akaishi humo na mkewe miaka yote ile ambayo wazee bado walikuwa wakiteleza ulimi na kuuita mji kwa jina lake la zamani, Usumbura.

Mimi wakati huo nilikuwa nimerudi kwa mama baada ya ndoa iliyonishinda. Nilishona nguo barazani kwa cherehani ya mkono, na nilikuwa na hasira na kila kitu chenye suruali. Ulimi hauna mfupa, na wangu ulikuwa hauna hata breki. Jirani alikuwa ananivumilia. Akitoka kazini jioni, kabla hajaingia kwake, anasimama uani na kutusalimia mimi na mama, na upepo ukivuma toka upande wake ndipo tunaisikia ile harufu kwenye shati lake. Si harufu ya pombe. Ni ya majani makali, kama kitunguu kilichokatwa pamoja na ganda la limau. Nilikuwa namwambia kwamba mkewe ana moyo, mimi ningemlaza nje.

Huo mmea aliupataje? Mkuu wake wa kazi, Mbelgiji aliyekaa upande wa Kibenga karibu na ziwa, aliuotesha bustanini kwa kujifurahisha, akamtumia jirani yetu siku za Jumapili kuulima na kuufunga kamba. Miaka michache baada ya bendera mpya kupandishwa, yule mzungu alifunga mizigo akaenda kwao. Hakuacha saa wala redio. Alimwambia jirani achimbe mizizi anayoitaka, maana atakayekuja nyuma yake hatajua ni nini na ataifyeka apande nyasi. Basi jirani akachimba, akaja nyumbani na kopo la biskuti lenye mizizi mitatu ya urefu wa shibiri, ya kahawia, yenye macho meupe.

Wa kwanza aliuua mwenyewe kwa haraka. Aliuchomeka ardhini umelala kiubavu, kichwa nje, jinsi sisi sote tunavyopanda mti wa muhogo, na ukaoza ndani ya wiki mbili. Nilimcheka sana. Nilimwambia muhogo wa Ulaya umemkataa.

"Apana, dada," akasema. "Mi ndiye nimeikosea. Hii si muhogo. Inataka kwanza ilale."

"Ilale wapi? Nikuazime mkeka?"

"Mu baridi. Kwabo Bulaya iko miezi ya baridi, iko inalala mu udongo. Bila kulala, aiwezi kuamuka muzuri."

Na kweli aliilaza. Aliifunga ile miwili iliyobaki katika gunia lililoloweshwa, akaipeleka kazini, akaiweka kwenye chumba cha baridi walichohifadhia bia, nyuma ya mapipa. Miezi miwili. Nilimwuliza kila mara kama watoto wake hawajaamka. Alipoirudisha, macho yalikuwa yamevimba. Safari hii aliulaza kila mzizi chini kabisa, macho juu, akaufunika kwa vidole viwili vya udongo uliochanganywa na mchanga na samadi kavu, akamwagilia kidogo kidogo kwa mkono. Mmoja haukutokea. Mmoja ulitoa chipukizi jekundu-jekundu siku ya kumi na moja, na jirani akaja kumwita mama aende kuliangalia. Mama alikwenda, kwa adabu tu. Aliporudi alisema, "Mtu huyu anatafuta mtoto, Mungu ampe."

Alisema kweli. Mkewe alikuwa ameharibikiwa mimba mbili.

Ukapanda. Sijaona mmea wenye haraka vile. Mvua ikinyesha leo, keshokutwa umeongeza urefu wa mkono. Alikuwa ameufungia kamba za katani kutoka ardhini mpaka kwenye boriti ya paa, na ulijizungusha kwenye kamba upande mmoja tu, siku zote uleule. Una vinywele vikali. Ukikugusa mkono unaacha mistari myekundu. Siku moja, kwa ukorofi wangu, jirani akiwa kazini, nilipitisha mkono kwenye matete nikaukunjua utepe mmoja wa shina nikauzungushia upande wa pili. Asubuhi yake nikakuta umejikunjua wenyewe na kurudi ulikotaka. Sikumwambia mtu. Nilicheka peke yangu, lakini tangu hapo sikupenda kukaa nimeupa mgongo.

Jirani alieleza kwamba mimea hii ina dume na jike, na wenye faida ni jike, ndio unaozaa yale maua. Nikamwambia hata miongoni mwa watu ni hivyohivyo. Mkewe alicheka mpaka akashika kiuno. Lakini maua yenyewe yalikuwa machache. Alisema kule Ulaya mchana wa kiangazi ni mrefu ajabu, jua halitaki kuondoka, na hapa kwetu saa kumi na mbili kumekucha na saa kumi na mbili kumekuchwa, mmea unachanganyikiwa, unachanua ungali mtoto. Mwaka wa kwanza alichuma maua kumi na moja tu, madogo, ya kijani kibichi, yenye magamba laini. Akapasua moja mbele yangu. Ndani mlikuwa na unga wa manjano unaonata.

"Nusa, dada."

Nikanusa. Ilikuwa harufu ya shati lake.

Kila mwaka, majani yakianza kukauka, tulimwona ameinama pale na panga, tukadhani anapalilia. Hatukuuliza. Kuuliza kungeniokoa na mengi, lakini mimi nilikuwa mtu wa kusema tu.

Mwaka wa nne mkewe alishika mimba na ikakaa. Miezi mitano, sita, imekaa. Jirani hapo akatangaza mpango wake mkubwa: siku ya kumtoa mtoto nje, watu wa kwao wakija kutoka mlimani na mitungi yao ya pombe ya mtama na ya ndizi, yeye atatoa chungu kimoja alichokipika mwenyewe, chenye maua aliyoyaotesha mwenyewe, wanywe kwa mirija kama wanavyokunywa siku zote. Hakuna mwanamume wa kwao aliyewahi kufanya hivyo. Alituambia sisi wanywa chai jambo hilo kwa furaha nyingi, mama akamjibu, "Sisi utatuwekea soda."

Kisha ukaja mwaka ule. Sitautaja kwa namba. Aliyekuwepo anaujua, na asiyekuwepo ameusikia ukisemwa kwa sauti ya chini. Mwisho wa masika malori yakaanza kupita. Watu wa kabila la jirani yetu waliitwa kwa majina kazini, shuleni, maofisini, jina lipo kwenye karatasi, mtu anaambiwa apande aende akajibu maswali mawili matatu. Hawakurudi. Mtaa wetu ulikaa kimya. Wanaume wa Buyenzi waliokuwa na maneno mengi waliinamia injini za magari yao wakanyamaza. Jirani alimtuma mkewe Uvira, ng'ambo ya mpaka, kwa shangazi yake, akisema anakwenda kujifungulia huko. Yeye mwenyewe hakwenda. Alisema asipoonekana kazini ndipo watakapomtafuta.

Siku mbili baada ya mkewe kuondoka, alasiri, akaja kwetu kwa mlango wa mbele, jambo ambalo hakuwa analifanya. Alibeba debe la mafuta ya kupikia lililokatwa juu, limejaa udongo, na ndani yake hublo changa imesimama imara, na majani matano. Alieleza, kana kwamba ndilo jambo kubwa siku ile, namna alivyoifanya. Aliuinamisha utepe mmoja wa mmea mkubwa, akaukwaruza chini ya kifundo, akaufukia ndani ya debe na kuukandamiza kwa jiwe, bila kuukata kwa mama yake. Wiki tatu ukatoa mizizi yake. Ndipo akaukata. Wiki tatu. Nimezihesabu mara nyingi tangu hapo. Maana yake alianza kabla ya malori.

"Munimwagilie hii paka nirudie," akasema. "Ni ya mutoto."

Nilikuwa nashona. Sikunyanyua uso. Niliogopa, hilo ndilo nililolijua baadaye; niliogopa mtu kama yeye kuonekana kwenye baraza letu siku zile, na kwangu mimi woga hutoka ukiwa hasira. Nikasema, "Nyumba hii ina msala na birika, si kabare ya pombe. Peleka majani yako ya ulevi kwa walevi wenzako."

Alicheka kidogo, kwa pua. Hakuwa mlevi, tulijua sote. Alibaki amelishika debe kifuani, akimtazama mama.

Mama alisimama, akafuta mikono kwenye kanga, akalipokea. "Nimepokea," alisema. "Ni amana. Ukirudi utaikuta."

"Asante, mama," akasema. Kisha akaniambia na mimi, "Bakia salama, dada." Nami nilikuwa nauma uzi kwa meno, sikujibu.

Kesho yake jina lake lilisomwa kwenye geti la kiwanda. Aliyetuletea habari ni fundi wa magari aliyekuwa kule kutengeneza kitu. Alisema jirani alipanda lori mwenyewe, akitangulia kumsaidia mzee mmoja kupanda. Hatukusikia tena. Hapakuwa na maiti, wala kaburi, wala matanga, maana kumlilia mtu wa namna ile kulikuwa ni kujiandikisha mwenyewe. Mama alifunga mlango na kumwombea jinsi alivyojua. Mimi niliendelea kushona. Nililia siku ya tatu, kwa sababu sindano ilinichoma, na nikaendelea kulia muda mrefu kuliko inavyostahili sindano.

Nyumba yake wakapewa watu wengine. Baba wa familia hiyo mpya aliung'oa mmea mkubwa siku ya kwanza, akachoma na kamba zake. Likabaki debe.

Hapa sasa ndipo mama aliponishangaza. Kwa mama, amana halikuwa neno la kupamba maneno. Mtu akikuwekea kitu, hukitumii, hukipunguzi, hukibadilishi. Na kikizaa, kilichozaliwa ni chake mwenye kitu, mbuzi na mwanambuzi. Alitoboa debe, akauhamisha mmea kwenye ardhi karibu na mlango wa mbele, akaupigia kamba. Na akaharamisha kisu. Hata jani kavu halikukatwa, lilingojewa lianguke. Nilimwambia watu hukata mimea, ndivyo inavyostawi. Akaniuliza, "Mwenyewe alikuambia ukate?" Siku ile mwenyewe alipokuwa na nafasi ya kuniambia nilikuwa nimemfukuza.

Alikwenda mpaka kwa mwalimu wa madrasa kuuliza kama ni halali. Mwalimu akafikiri, akasema hata zabibu huwa divai na bado ni zabibu, mti hauna dhambi. Mama alirudi ametulia. Maua yalipotokea, machache, aliyachuma kwa kidole na kidole, akayaanika kwenye ungo chini ya kitanda, mahali pasipofika jua, kisha akayatia kwenye kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko. Tulilala juu yake. Nyumba yetu ya udi na mdalasini ikawa inanuka jirani.

Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza. Nikiwa nashona saa kumi jioni, saa yake ya kutoka kazini, harufu ilikuwa inapita. Nilikuwa nanyanyua kichwa nikitaka kujibu salamu. Kweli nilifungua kinywa, si mara moja, na mteja akiwa amekaa mbele yangu. Wakati mwingine niliitikia. Mteja aliuliza, "Unaongea na nani?" nikasema naongea na cherehani. Mama naye nilimwona akimwagilia huku akiuambia ule mmea habari za mtaa, nani kazaa, nani kahama, kwa sauti ya mtu anayeongea na jirani juu ya ua.

Mmea haukustawi. Kwa kutokatwa ulijaza vitepe dhaifu visivyohesabika, vikanyongana vyenyewe, majani ya chini yakaingia madoa, na mwaka wa pili haukutoa hata ua moja. Mama alisema ni huzuni. Mimi nilisema ni mimi.

Mwaka huohuo wakapita vijana wenye fimbo waliokuwa wakikagua nyumba kwa nyumba. Mama alikuwa sokoni. Mmoja wao akasimama mbele ya mmea, akalishika jani, akalinusa.

"Hii si bangi hii?"

"Si bangi," nikasema.

"Ni kintu gani? Ni ya nani?"

Ningeweza kusema maneno mengi. Ningesema ni mzabibu, ni dawa ya tumbo. Lakini aliniuliza ni ya nani, na mimi, mwenye ulimi unaojulikana mtaa mzima, nikasema, "Sijui. Imejiotea tu."

Wakaondoka. Kisha nikachukua panga la jikoni nikaukata mmea wote mpaka kwenye udongo, vitepe vyote, na kamba, nikavipeleka jalalani nikavifukia chini ya maganda ya ndizi. Mikono yangu ilikuwa imejaa michirizi myekundu. Mama aliporudi alisimama mlangoni na kikapu chake kichwani, hakukitua. Hakunipiga. Alisema tu, "Umemkana, halafu umeila amana yake," na kwa siku tatu alipika, akanipakulia, na hakusema nami neno.

Siku ya kumi na mbili ardhi ilipasuka. Machipukizi mekundu sita, manene kama kidole, yamesimama. Mama aliniita nikayaone, na hilo ndilo lilikuwa neno la kusameheana. Lakini si hapo tu. Wiki ileile baba wa nyumba ya pili akaja amekasirika: mmea wetu umetokea ndani kwake, chumbani, karibu na ukuta, umepasua sakafu ya udongo. Ameng'oa mara mbili na unarudi. Tulikwenda kuangalia. Chipukizi lilikuwa pale palipokuwa na kitanda cha jirani yetu na mkewe. Sikujua ni mizizi yetu iliyopita chini ya ua kwenda kumtafuta, au ni ile yake ya zamani iliyokuwa haijafa. Mpaka leo sijui. Yule bwana alimwaga hapo maji ya moto na chumvi, akahamisha familia yake chumba cha pili, na kabla ya mwaka kwisha akahama nyumba.

Mwaka wa tatu mmea ulizaa kuliko miaka yote, kopo likajaa. Mama hakuuona mwaka wa nne. Aliugua kifua, na asubuhi moja akaniambia nilitoe kopo chini ya kitanda nimwonyeshe. Nikalifungua. Alitia mkono ndani akayageuza maua, kisha akasema, "Nilimwambia akirudi ataikuta. Nimesema mimi, sasa utaitunza wewe. Usife nayo." Nikamzika mama yangu kwa heshima zote, watu wamejaa mpaka barabarani, na nilipokuwa naona udongo ukimwagwa niliona aibu kwamba sisi tuna kaburi.

Serikali ilibadilika, na baadhi ya waliokimbia wakaanza kurudi, mmoja mmoja, wakiangalia nyuma. Alasiri moja nikiwa na cherehani barazani mwanamke alisimama mbele ya ile nyumba ya pili, akaitazama muda mrefu bila kubisha hodi. Alikuwa amekonda na kujaa vumbi la njia. Ametoka mtaa wa Musaga kwa miguu, alikofikia kwa ndugu. Alikuwa na mtoto wa kike wa miaka minne. Nilimjua kwa namna alivyoshika kiuno.

Nilimkaribisha. Nikampa maji, nikampa chai na mkate wa mchele, mtoto akala. Aliuliza habari za mama nikamwambia, akalia kidogo, nadhani alikuwa analia na mengine. Kisha akaweka kikombe chini.

"Dada," akasema, "aliacha neno?"

Ndilo lililomtoa Uvira. Si nyumba, si vyombo, anajua vimekwenda. Alitaka neno. Nami nilikuwa nimelikalia kwa miaka minne, limefungwa pamoja na langu, siwezi kutoa lake bila kutoa na langu. Nikatoa yote. Nilimweleza siku ile ya debe, nilivyomwita mlevi, nilivyokataa kunyanyua uso, alivyoniaga nisiitikie. Nikamweleza habari za wale vijana, na nilivyosema sijui ni ya nani. Nikamwambia kwamba nilikata mali ya amana kwa panga mpaka chini, na kwamba mama alikufa akiwa ameinusuru na mimi nikiwa nimeifanyia hiana. Nilisema kwa haraka na kwa ukali, kana kwamba namgombeza yeye.

Alisikiliza. Alikuwa anatazama mmea pale mlangoni, ulivyofika kwenye mabati.

"We ulikata?" akauliza. "Paka chini?"

"Mpaka chini."

"Lakini ni vile anafanyaka," akasema taratibu. "Kila mwaka, na panga. Alisemaka bila kuikata inazeeka, inajinyonga. Hamukumuonaka?"

Tulimwona. Miaka yote tulimwona ameinama, tukadhani anapalilia.

Niliingia ndani nikatoka na kopo. Nikamwambia, "Neno lake ni hili. Alisema: ni ya mtoto. Na haya ndiyo yaliyozaliwa, hatujapunguza hata moja."

Alilipokea kwa mikono miwili. Alisema kwao kilio cha mumewe hakijaondolewa, hajapikiwa pombe ya kuondoa matanga, maana nani angethubutu. Sasa atapika, mtungi mmoja, na nusu ya maua haya yataingia humo, wanywe ndugu waliobaki. Nusu nyingine haitaguswa. Akaniomba nimwoteshee mmea mdogo wa kuondoka nao nitakapoweza. Siku hiyohiyo, mbele yake, niliinamisha utepe mmoja, nikaukwaruza chini ya kifundo, nikaufukia ndani ya debe, nikaweka jiwe. Mikono ilikuwa inajua, ingawa nilimsikiliza mumewe mara moja tu, na nikiwa nimeinamisha kichwa.

Nilipogeuka alikuwa amefungua kifuniko. Alifumba macho. Kisha akamvuta mtoto, akamwekea kopo chini ya pua.

"Nusa," akamwambia. "Baba yako ananukaka hivi."

Mtoto aliingiza uso wote ndani. Akatoa pua ya manjano, akapiga chafya, akatutazama, mimi na mama yake, tulivyokuwa tunalia. Kisha akalishika lile kopo kwa mikono yake yote miwili.

"Tena," akasema.